Mama wa Kwenye Daftari

Mashudu ya pamba yana harufu yake peke yake. Ni nzito, ya mafuta na vumbi kwa pamoja, kama karanga zilizokaangwa kisha zikasahauliwa juani. Hivi karibuni nilikuwa napita Maswa, gari likasimama jirani na kiwanda cha pamba, dereva akashuka kununua maji, na harufu ile ikaingia dirishani. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaojipikia wenyewe. Lakini pale nilipokaa na mkoba mapajani, ghafla nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne anayerudi kutoka shule taratibu, akichagua njia ndefu, kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kumsemesha.

Nyumba hiyo ilikuwa ya shangazi yangu, pale Bariadi. Kwetu shangazi tunamwita sengi. Nilihamia kwake nilipochaguliwa kwenda sekondari, maana kijijini kwetu, ndani huko Itilima, shule ilikuwa mbali mno kwa miguu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa ameoa tena na nyumba ilijaa watoto wadogo. Alinileta na sanduku la bati na godoro, akakaa nusu siku, akanywa maziwa, akaondoka. Sengi hakuwa na mtoto. Mumewe alikufa zamani, na yeye aliishi kwa kuwauzia wafugaji mashudu, makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, ya kulishia ng'ombe kiangazi malisho yanapokauka. Mimi nililala kwenye chumba chenye magunia, kwa hiyo sare yangu, daftari zangu na hata nywele zangu vilinuka mashudu.

Wiki zile za mwanzo sengi aliongea kama mtu aliyesubiri miaka apate wa kuongea naye. Alinisimulia baba alivyokuwa mwoga wa nyuki utotoni. Alinicheka nilivyosonga ugali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza na kujibu basi, lakini akiingia kwenye Kisukuma alikuwa mtu mwingine, mwenye utani, mwenye kuigiza sauti za watu hadi mbuzi. Nilianza kudhani kwamba hapa nitapona.

Kisha akanyamaza.

Naikumbuka siku yenyewe. Shule iliita kikao cha wazazi na walezi wa kidato cha kwanza, na ilikuwa siku ya mapumziko kwetu wanafunzi. Sengi alivaa kitenge chake kizuri, akaniambia, "Nimeanika magunia nje. Mawingu yakija, yaingize." Nikasema sawa. Nikaingia ndani, nikalala na daftari usoni. Niliposhtuka mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe, na magunia yalikuwa yamelowa hadi katikati, mashudu yamevimba kama uji. Sengi alirudi saa kumi, viatu mkononi, kitenge kimeganda miguuni. Alisimama akayatazama magunia. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, halafu akaufunga.

"Sengi, nisamehe," nikasema.

Aliinua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari, akaingia ndani. Asubuhi nilimwamkia, "Mwangaluka, sengi." Aliitikia kwa kichwa tu. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajua ameniweka kando kwa sababu ya magunia.

Nilijaribu kila kitu mtoto anachoweza kujaribu. Nilifagia uwanja kabla hajaamka. Nilichota maji hadi mapipa yakamwagika. Nilipoanza kumsimulia jambo la shuleni alinisikiliza akinitazama midomo, macho yake yakiwa na kitu nilichokisoma kama hasira, kisha akaondoka kwenda kupanga magunia yaliyokwisha kupangwa. Akitaka kuniita alipiga makofi mawili. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomwita mbwa, nikawa nalia kichinichini kila nikiyasikia. Sikujiuliza kwa nini kwenye bakuli langu la mboga ndiko kulikokaa kichwa cha samaki. Sikujiuliza kwa nini taa ya sola ilikuwa kwangu, yeye akiwa anapapasa gizani. Mtoto aliyekwisha amini kwamba anachukiwa huwa hahesabu vitu kama hivyo.

Shuleni nako kulikuwa na ukimya wa aina yake. Tulitoka shule za msingi za Kiswahili, wengi wetu tukiwa na Kisukuma cha nyumbani, na kuanzia getini tulitakiwa kuongea Kiingereza. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kisukuma unakivaa shingoni mpaka umkamate mwenzako. Mimi sikuwahi kukivaa hata mara moja, na mwalimu wa zamu aliwahi kunisifu kwa hilo mbele ya mstari. Hakujua kwamba sikukivaa kwa sababu sikuongea lugha yoyote. Nilikuwa nakaa dirishani, nabanwa na wenzangu watatu kwenye dawati, na siku zingine nilifika jioni sijatoa sauti isipokuwa kuitika jina.

Vitabu vya hadithi vya Kiingereza hatukuvisoma, tuliandika tu habari zake. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa anajaza ubao: maudhui moja hadi sita, wahusika na sifa zao, mafunzo tunayoyapata. Tulinakili, tukakariri, tukajibu mtihani kuhusu watu ambao hatukuwahi kuwasikia wakisema neno. Niliweza kuandika kwamba mhusika fulani ni mwenye huruma, lakini hakuna aliyeniambia alimhurumia nani.

Muhula wa pili wa kidato cha pili akaja mwalimu mpya wa Kiingereza, tuliyemwita Madam. Alikuwa ametoka mikoa ya kusini, mwembamba, mwenye sauti iliyokwaruza, na hakujua Kisukuma hata cha salamu. Alikuja na kitabu kimoja kisicho na jalada, na sisi tulikuwa darasa lililojaa hadi mlangoni. Siku ya kwanza tulifungua daftari tukasubiri ubao ujae. Yeye akasema, "Fungeni." Akavuta kiti katikati ya darasa, akaanza kusoma.

Ilikuwa hadithi ya kijiji kikame chenye kisima kimoja. Kisima kina kufuli, na ufunguo anao mlinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye kila asubuhi anafungua, anawapimia watu maji, anafunga. Kuna mwanamke anayeamka alfajiri na kuiba maji kwa mrija wa mwanzi, kupitia ufa wa ukuta, ampelekee jirani mgonjwa. Madam alisoma polepole. Akifika penye mazungumzo aliwasimamisha watu wawili, akawaweka mmoja upande wa kisima, mwingine upande wa ufa, akawapa maneno wayaseme hadi yafanane na ya mtu anayeyamaanisha. Tulicheka sana mwanzoni. Baadaye hatukucheka, tulitaka kujua kama mwanamke atakamatwa.

Halafu akatoa kazi ya nyumbani ambayo sijawahi kuisikia kwa mwalimu mwingine tangu hapo.

"Leo jioni," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, "msimulie hadithi hii mtu mmoja wa nyumbani. Kwa lugha yenu ya nyumbani. Kisukuma, Kiswahili, yoyote. Msikilize anasema nini. Kesho niandikieni kwa Kiingereza alichosema. Sitaki mawazo yenu, nataka yake."

Mvulana mmoja akauliza, "Madam, hata kama hajasoma?"

"Hasa kama hajasoma."

Darasa zima lilitoka likipiga kelele, huyu atamsimulia bibi, yule atamsimulia kaka fundi. Mimi nilirudi kwa njia yangu ndefu. Sengi alikuwa anashona gunia mlangoni. Nilisimama mbele yake, nikasema, "Sengi, kuna hadithi." Alinitazama. Akatikisa kichwa kidogo, akaelekeza kidole kwenye begi langu la shule, kisha ndani, kwenye meza. Yaani nenda kasome. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa katikati ya magunia.

Pale ndipo nilipomsimulia mama.

Nilisimulia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeutazama ukuta. Sauti ya mama nilikuwa nimeanza kuisahau. Nilianzia kwenye kucheka kwake, kwa sababu kucheka nilikumbuka, kulikuwa kunaanzia puani. Nilipofika mwisho nikasubiri. Kisha nikajijibu kama mama. Nikaandika kwa Kiingereza changu kibovu: Mama anasema yule mlinzi si mtu mbaya. Anasema ameshika ufunguo ili kila asubuhi kuwe na watu wa kumsalimia. Anasema kisima kikiwa wazi hakuna atakayepita kwake.

Madam alirudisha daftari baada ya siku mbili. Alisahihisha vitenzi vyangu vyote, na chini akaandika kwamba amelisoma hili mara tatu. Darasani aliniomba nisimame nisome. Nilipomaliza tukabishana kuhusu mlinzi hadi kengele ikalia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu akitaka kusema. Yule mwanajeshi, ambaye kwenye notisi za zamani angekuwa "katili na mchoyo", sasa watu walikuwa wanamtetea.

Basi ikawa hivyo kila wiki. Sura mpya, kazi mpya, na mama yangu wa kwenye daftari akawa hodari kuliko wazazi wote. Alimshauri yule mwanamke aache mrija, aende mchana. Alisema jirani mgonjwa anajua maji yanatoka wapi, ila anaona aibu kuuliza. Wenzangu wakawa wananisimamisha uwanjani: "Mama yako amesemaje safari hii?" Nilijibu. Nilikuwa naongea na watu! Lakini nikitoka pale nilijisikia mpweke kuliko mwanzo, kwa sababu waliyemtaka alikuwa yeye, na yeye alikuwa kaburini Itilima, na mimi tu ndiye niliyejua.

Siku moja Madam aliniita ofisini. "Nataka kumwona mama yako," alisema. "Yule mwanamke anafikiri kuliko sisi tuliosoma. Anaishi wapi?"

"Mama amesafiri, Madam."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

"Lakini juzi alikuwepo. Umeandika."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua nyuma ya nyumba nikasikia hodi, sauti ile ya kukwaruza. Alikuwa ameelekezwa na mwenzangu wa dawati. Nilibaki nimeshika shati lenye povu. Makofi mawili yakapigwa, nikaenda.

Madam alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, na sengi amesimama mbele yake kwa heshima, mikono imefumbatwa kama mtu aliyeitwa barazani.

"Shikamoo, Madam," nikasema.

"Marahaba. Mtafsirie mama maana nimemwamkia kwa Kiswahili ameitikia tu. Mwambie nimekuja kumshukuru. Mwambie yale maneno yake kuhusu mlinzi wa kisima nimewasomea walimu wenzangu."

Ningeweza kutafsiri chochote. Niliwaza kusema kwamba mwalimu anauliza bei ya mashudu. Lakini sengi Kiswahili alikisikia vizuri, kilichomshinda ni kukisema. Nilimwona anavyonigeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu akanisemesha, kwa Kisukuma, kwa sauti iliyokuwa na kutu.

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Yote, pale pale, mbele ya mwalimu asiyeelewa: mlinzi, ufunguo, salamu za asubuhi.

"Na aliyesema hayo ni nani?"

"Ni mimi, sengi. Nilisema kwamba ni mayu." Mayu ni mama.

Alikaa chini, palepale alipokuwa. Madam akawa anatutazama kwa zamu. "Kuna nini? Nimekosea?"

Sengi akajikusanya akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake, neno moja moja. "Mwalimu, mimi shangazi. Mama yake alikufa, huyu mdogo hivi." Akapima kwa mkono usawa wa kiuno. "Lakini haya maneno ni ya mama yake. Yule alikuwa anasema hivi hivi. Mimi nasikia huku ukutani huyu anasemasema, nikafikiri anasali."

Nilitamani ardhi inimeze. Madam hakunitazama. Akauliza kwa upole, "Na wewe, mama, kwa nini hakukusimulia wewe? Mpo wawili tu."

"Mlikataza."

"Nani alikataza?"

"Ninyi. Shule." Sengi alimtazama usoni sasa. "Kile kikao. Mkuu alisema mtoto akifika nyumbani asiongeleshwe Kisukuma, kinaua Kiingereza. Mzazi asimharibie mtoto. Mimi Kiswahili changu kibovu. Kiingereza sina. Basi nikafunga mdomo. Nikasema huyu hana mama, asikose na shule."

Sikumbuki Madam alisema nini hapo. Nakumbuka nilisimama na maji ya sabuni yanadondoka kwenye vidole. Kumbe siku ile ya mvua alitoka kwenye kikao. Alitazama magunia, akanitazama mimi, akataka kusema, kunigombeza pengine au kunicheka, akakumbuka alichoambiwa. Magunia hayakuwa chochote. Mwaka na nusu nilikuwa naomba msamaha wa kosa ambalo alilisahau siku hiyo hiyo, na yeye alikuwa ananitazama midomo akijizuia, akipiga makofi kwa sababu aliogopa kwamba akiliita jina langu tu, neno la pili na la tatu yangemtoka.

Madam alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mama," alisema, "waliokwambia hivyo walikosea. Ongea naye. Tafadhali. Kazi yangu haiendi usipoongea naye." Akasimama, akaniwekea kitabu kile kisicho na jalada mikononi, kitabu pekee cha darasa zima. "Jumatatu unirudishie. Leo msomee yeye."

Alipoondoka tulibaki mimi na sengi uwanjani, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Nilikaa kwenye kigoda nikafungua. Nilisoma sentensi ya Kiingereza, nikaigeuza Kisukuma, nikasoma nyingine. Sengi alinikatisha kabla ukurasa haujaisha.

"Subiri. Hicho kijiji, ng'ombe wananywa wapi?"

Nikatafuta. "Hawajasema."

"Hawajasema? Kisima kimoja, kina kufuli, na hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe? Huyo aliyeandika hakufuga." Akaguna. "Endelea. Na huyo mwanamke na mrija wake mjinga tu. Angemwambia mlinzi, jirani yangu anaumwa. Mlinzi angekataa?"

"Pengine aliogopa."

Aliokota ujiti akawa anachora mchangani. "Pengine," alisema. Halafu akaanza kuongea, na haikuwa habari ya kitabu tena. Aliniambia habari za mbuzi aliyezaa mapacha nikiwa shuleni mwaka uliopita, ambazo alitaka kunipa siku ile ile. Aliniambia nilipougua malaria alikaa mlangoni usiku kucha akinihesabia pumzi. Aliniambia mama yangu ndiye aliyemfundisha kushona magunia, na kwamba kicheko changu, kile ambacho hajakisikia muda mrefu, kinaanzia puani. Aliyatoa moja baada ya jingine kama mtu anayeshusha mzigo kwenye mkokoteni, hadi jua likaenda, ugali haujapikwa.

Jumatatu niliandika: Shangazi yangu anauliza ng'ombe wananywa wapi. Madam alicheka hadi akashika meza, akatupa kipindi kizima kujibu. Hatukupata jibu. Hakusema lolote la mama darasani, wala hakunifutia alama, na hilo namshukuru mpaka leo. Alihamishwa mwaka uliofuata. Sikuwahi kumwona tena.

Mtu angesema nilipona. Sijui. Miaka miwili iliyobaki ilikuwa na maneno mengi, lakini ule mwaka na nusu haukurudi, na hadi leo mtu akininyamazia kidogo tu naanza kutafuta kosa langu. Sengi naye alibaki na hofu yake. Tulikuwa tunaweza kuwa katikati ya utani, akasimama ghafla, akaangalia daftari zangu, akasema, "Nenda, nenda kasome, nakuharibia." Nilimwapia kwamba haniharibii, mara ngapi sijui. Hakuamini kabisa.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikimbia kutoka stendi, ambako rafiki alikuwa ameniangalizia kwenye simu, nikamkuta sengi anapakua magunia na vibarua. Nilimwambia nimefaulu, nimechaguliwa kuendelea. Vibarua wakapiga vigelegele vya utani. Yeye hakushangilia. Aliniburuta pembeni kwa mkono wenye vumbi la mashudu, akaniinamia kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Na Kiingereza? Niambie kweli. Nilikiharibu?"

"Hukukiharibu, sengi. Nimepata alama ya juu kuliko zote."

Akanishika mashavu yote mawili, mbele ya watu, akaliita jina langu. Akaliita tena.